Profesa wa Sheria na Mzizi wa Ardhi: Uhakiki kutoka Meru

Katika nchi ya wakulima na wafugaji hakuna suala la sheria lililo zito kuliko hili: ardhi ambayo hajagawiwa mtu yeyote ni mali ya nani? Masuala ya hati, mipaka, fidia na mabaraza ya usuluhishi yote yanafuata jibu la swali hilo. Wakoloni walilifahamu vizuri. Hawakutosheka na bunduki na kodi ya kichwa. Walihakikisha pia kwamba ipo karatasi inayosema kuwa ardhi hii haikuwa na mwenyewe.

Makala hii inahakiki kazi ya msomi mmoja wa nchi yetu, Ndugu Issa Shivji, mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 30, na Mwenyekiti wa Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi iliyoteuliwa mwaka 1991. Shabaha yetu si kuandika wasifu wake. Tunataka kuuliza profesa wa sheria anaweza kufanya nini pale watawala wanapomwita, na kazi yake inaishia wapi anapomaliza kuifanya. Tutaipima kazi hiyo kwa historia ya Mlima Meru, kuanzia Tengeru hadi Ngare Nanyuki, kwa sababu hapa swali la ardhi liliulizwa kwa vitendo kabla halijaulizwa madarasani.

Lakini kwanza tupitie kwa profesa mwingine, Mjerumani, aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita. Hatumtaji kwa kuhusudu mambo ya Ulaya. Sheria iliyochukua ardhi ya Meru ilitoka Ujerumani, na inafaa wananchi wajue Wajerumani wenyewe walikuwa wakifundishana nini juu ya jambo hili.

Samuel Pufendorf alizaliwa Saxony mwaka 1632, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Alisoma Leipzig na Jena. Alipokuwa mwalimu wa watoto nyumbani kwa balozi wa Sweden mjini Copenhagen, vita vilizuka kati ya nchi hizo mbili naye akatiwa kizuizini miezi minane. Mwaka 1661 mtawala wa Palatinate alimpa kiti cha kufundisha sheria ya maumbile na ya mataifa katika Chuo Kikuu cha Heidelberg. Baadaye mfalme wa Sweden alimwita kwenye chuo kipya cha Lund, na huko, mwaka 1672, akatoa kitabu chake kikubwa juu ya sheria ya maumbile na ya mataifa. Wachungaji wa Lund walikishambulia kwa ukali, maana kiliitafuta misingi ya sheria katika akili na maisha ya jamii ya binadamu bila kuomba ruhusa ya wanateolojia.

Ndani ya kitabu hicho imo kanuni moja inayotuhusu sana. Pufendorf anasema kuna namna mbili za watu kuichukua nchi. Namna ya kwanza, kila mtu anachukua kipande chake. Namna ya pili, kundi zima linaichukua nchi nzima kwa pamoja. Katika namna hiyo ya pili, sehemu ambayo haijagawiwa mtu binafsi haiwi mali ya kuokotwa na mpita njia. Inabaki kuwa mali ya watu wote kwa jumla. Malisho, misitu, mabonde, vyote vina mwenyewe, na mwenyewe ni jamii. Tena, alipolizungumzia dai la Wahispania kwamba kila mgeni ana haki ya asili ya kuingia na kukaa katika nchi za Wahindi wa Amerika, alilikataa, akisema wenye nchi ndio wanaostahili kuamua nani apokewe na kwa masharti gani.

Kama Ujerumani ingefuata mafundisho ya profesa wake, Amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895 isingeandikwa jinsi ilivyoandikwa. Amri hiyo ilitangaza kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani haina mwenyewe na ni mali ya Taji, isipokuwa pale ambapo mtu, mtemi au jamii ya wenyeji itathibitisha haki yake. Tazama mzigo wa kuthibitisha ulivyotupwa upande mmoja. Mwenye nchi alitakiwa kumthibitishia mgeni kwamba nchi ni yake, na mgeni huyo huyo akawa hakimu.

Hapa msomaji asidanganyike kwamba Ujerumani ilisahau. Kanuni za profesa hazikupotea maktabani, zilikosa mteja. Mtaji wa Kijerumani wa mwishoni mwa karne ya 19 ulihitaji mashamba ya kahawa, mkonge na mifugo, na sheria iliandikwa kukidhi haja hiyo. Hata maisha ya Pufendorf yanaonyesha jambo hilo. Mwaka 1677 aliacha kufundisha akawa mwandishi wa historia wa mfalme wa Sweden. Mwaka 1688 akahamia Berlin kwa kazi ya namna hiyo hiyo, katika ikulu ya Brandenburg iliyokuwa na kampuni yake ya kununua na kuuza watumwa na ngome yake katika pwani ya nchi ambayo leo ni Ghana. Alifariki mwaka 1694 akiwa amepewa cheo cha ubwanyenye. Msomi aliyeandika kwamba nchi isiyogawiwa ni ya watu wote alimaliza siku zake akiandika sifa za wafalme. Hatusemi hivyo kumdharau. Tunasema kwamba kiti cha profesa kinakaa juu ya sakafu ya mtu mwingine.

Sasa tuje Meru. Mwaka 1896, katika mwezi wa Oktoba, wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, mji ule ule aliosoma Pufendorf, waliuawa Akeri. Majeshi ya Kijerumani yakafanya kisasi kikali kwa Wameru na Waarusha. Baada ya kisasi zikaja hati. Mashamba ya walowezi, Wajerumani na Makaburu waliotoka kusini, yalizunguka mlima kwa chini kama pete. Wameru wakabaki juu kwenye vihamba vyao vya migomba, na njia zao za kupeleka ng'ombe kwenye malisho na maji ya magadi upande wa kaskazini na mashariki zikapita katika mali ya wengine. Kwa mujibu wa Amri ya 1895 yote yalikuwa halali. Malisho hayakuwa na nyumba wala uzio. Basi ikaandikwa kwamba hayana mwenyewe.

Mwingereza alipoingia alibadilisha maneno. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilisema ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma, iko chini ya Gavana, naye ataitumia kwa manufaa ya wenyeji. Maneno ni mazuri kuliko ya Kaisari, lakini mzizi ni ule ule: mwenye kauli ya mwisho ni dola, na mwananchi anakaa kwa hisani. Marekebisho ya mwaka 1928 yalitambua kwamba mwenyeji anayekaa kwa mila ana haki ya kumiliki, ila haki hiyo haikuzuia lolote pale Gavana alipoamua vingine.

Na aliamua. Mwaka 1946 Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi, na taarifa yake ikapendekeza eneo la kaskazini mashariki ya Meru litengwe kwa ufugaji wa walowezi, ili mashamba ya Wazungu yawe kitu kimoja kisichokatizwa na Waafrika. Ngare Nanyuki na Leguruki zilikuwa katikati ya mpango huo. Humo yalikuwemo hata mashamba mawili ambayo Wameru walikwisha kuyanunua upya kwa fedha zao wenyewe. Waliambiwa wahamie King'ori. Walikataa. Kuanzia tarehe 17 Novemba 1951 askari waliwatoa kwa nguvu watu wapatao 3,000, wakachoma nyumba na kuswaga mifugo.

Linganisha jambo hili na la Tengeru. Mwaka 1942 serikali hiyo hiyo ya Kiingereza ilihitaji mahali pa kuwaweka wakimbizi wa Kipolandi waliotoka Urusi kupitia Uajemi. Ardhi ilipatikana mara moja, karibu na ziwa Duluti, kwa kambi ya watu karibu 5,000, yenye shule, hospitali, kanisa na bustani. Makaburi yao yapo mpaka leo na yanatunzwa. Hakuna Mmeru mwenye akili anayewaonea kijicho wakimbizi wale, wengi wao wanawake na watoto waliokwisha kuona mateso makubwa. Lakini miaka tisa baada ya kambi kufunguliwa, serikali iliyopata nafasi kwa wageni 5,000 kusini ya mlima haikupata nafasi kwa wenyeji 3,000 kaskazini yake. Uhaba wa ardhi Meru haukuwa wa udongo.

Wameru hawakuwa na sheria upande wao, wala profesa. Walikuwa na washili wao na wazee wa koo, na umoja wa raia uliokuwa ukijengwa na vijana waliosoma. Walichanga fedha, senti kwa senti, wakamtuma Ndugu Kirilo Japhet kwenda New York pamoja na wakili wao Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Katikati ya mwaka 1952 walisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Baraza likasikitika, likahimiza fidia. Mwezi wa Desemba suala likafika Baraza Kuu, na azimio lililowaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili ya kura. Kisheria walishindwa. Kisiasa, mkutano wa hadhara juu ya Ngare Nanyuki ukawa darasa kwa nchi nzima, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuta watu wanaojua tayari kwamba Mwingereza anaweza kushtakiwa mbele ya dunia. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo. Kwa maoni yetu, kitabu hicho kinafaa kusomwa kabla ya vitabu vya maprofesa.

Turudi sasa kwa Ndugu Shivji. Alizaliwa Kilosa mwaka 1946, akahitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1970. Mwaka huo huo, katika jarida la wanafunzi la Cheche, alichapisha uchambuzi wake juu ya mapambano ya kitabaka ya kimya kimya katika Tanzania. Hoja yake ilikuwa kwamba kutaifisha viwanda na mabenki baada ya Azimio la Arusha hakukukata mirija yote: mikataba ya uongozi na ufundi iliendelea kuwapa wageni faida, na warasimu waliokabidhiwa mashirika hawakuwa wakulima wala wafanyakazi. Mwezi wa Novemba 1970 Cheche lilipigwa marufuku pamoja na umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi uliolitoa. Chama chetu hakina sababu ya kulificha jambo hilo. Mwongozo wa TANU wa mwaka uliofuata, uliokemea viongozi wenye majivuno na ubwana, ulisema kwa lugha ya Chama mengi ambayo vijana wale waliyasema kwa lugha ya vitabu.

Katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mapambano ya kitabaka, Shivji alikwenda mbele zaidi, akisema kwamba ndani ya dola kumezaliwa tabaka la mabwanyenye warasimu linaloishi kwa kuishika mali ya umma bila kuimiliki kwa jina. Wapo wanazuoni wa mrengo wa kushoto waliompinga wakisema tabaka hilo halina mtaji wake, na kwamba adui mkuu ni ubeberu. Mjadala huo ulikuwa mkali na kwa sehemu ulikuwa wa maneno. Lakini lililo la kudumu ndani yake ni moja: umiliki wa dola na umiliki wa umma ni vitu viwili, na umbali kati yao hupimwa kwa nguvu waliyonayo wavujajasho wenyewe. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu, alioumaliza mwaka 1982, ulitoka kwenye nadharia hizo na kushuka kwa manamba, vipande na sheria za kazi za kikoloni. Kitabu kilichotokana nao mwaka 1986, juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi, ndicho tunachokiona kuwa bora kuliko vyote vyake, kwa sababu humo tabaka si jina. Lina mishahara, migomo na mahabusu.

Kwa hiyo alipoitwa na Rais Ali Hassan Mwinyi mwezi wa Januari 1991 kuongoza Tume ya Ardhi, aliyeitwa alikuwa mkosoaji wa dola wa miaka 20. Ulikuwa pia mwaka wa Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti ya uongozi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imehamisha mamilioni bila kuwapa watu uhakika wa pale walipowekwa wala wa pale walipotolewa. Wenye mashamba ya zamani walikuwa wameanza kurudi na kudai. Wakubwa walikuwa wanajipimia. Tume ilizunguka mikoa yote ya Bara, ikafanya mikutano ya hadhara 277, ikasikiliza makumi ya maelfu ya watu, na mwezi wa Novemba 1992 ikatoa taarifa. Kazi ya namna hiyo haijafanyika mara nyingi katika nchi yoyote, na heshima yake kubwa ni kwamba lawama za wananchi ziliandikwa kama zilivyosemwa.

Kiini cha taarifa ni mzizi ule. Tume ilisema kwamba tangu 1895, kupitia 1923, hadi Jamhuri ya 1962 ambapo madaraka ya Gavana juu ya ardhi yalihamia kwa Rais, miliki ya mzizi imekuwa mikononi mwa serikali, na serikali hiyo ndiyo pia mgawaji, msimamizi na mwamuzi. Mwananchi amekuwa mpangaji wa muda mrefu. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuutoa mzizi huo serikalini. Ardhi ya taifa iwe chini ya Bodi ya Makamishna wa Ardhi inayowajibika kwa Bunge. Ardhi ya kijiji iwe ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wanakijiji wote wazima wakiwa wamekaa pamoja, maana Halmashauri ya Kijiji ni watu wachache wanaofikiwa kwa urahisi na mkubwa au mwenye fedha. Migogoro ianzie kwa Baraza la Wazee la Ardhi. Na misingi hii iandikwe katika Katiba, isibadilishwe kwa sahihi ya waziri.

Msomaji atakuwa ameona kwamba hii ni ile namna ya pili ya Pufendorf, kundi zima na nchi nzima, na kisichogawiwa ni cha wote. Tofauti ni kwamba Tume haikuikuta katika vitabu vya Kilatini. Iliisikia mikutanoni.

Serikali ilikataa mzizi, ikachukua matawi. Sera ya Ardhi ya mwaka 1995 ilisema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zikaweka hivyo. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi na hatupendi kuipita kwa kejeli kama baadhi ya wasomi wanavyofanya. Nchi inahitaji reli, mabwawa na miji, na serikali iliyochaguliwa na watu wote haipaswi kuwa ombaomba mbele ya kila kijiji. Tena Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1958 juu ya mali ya taifa, aliyapinga mapendekezo ya Waingereza ya kuifanya ardhi kuwa bidhaa ya mtu binafsi kwa sababu aliona maskini watauza na matajiri watanunua. Hati za umilikaji wa moja kwa moja zilipofutwa mwaka 1963, mzizi wa dola ndio uliotumika kuwazuia makabaila wasizaliwe.

Ila hoja hiyo inasimama kwa sharti moja: mdhamini asigeuke kuwa mwenye mali. Na mahakama ilikwisha kulisema. Mwaka 1992, wakati Tume ingali kazini, Bunge lilipitisha sheria iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni na kuwazuia watu wasiende mahakamani. Kutoka mkoa huu wa Arusha, wakulima wawili, baba na mwanawe, waliipeleka Serikali mbele ya Mahakama Kuu na kushinda. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba Rais anaishika ardhi kama mdhamini wa wananchi. Katika kesi ile ya Lohay Akonaay mdhamini alikumbushwa udhamini wake na watu waliokuwa na jembe. Wanasheria wanaisifu hukumu. Sisi tunawataja pia waliothubutu kuifungua.

Baada ya kumtendea haki profesa, tuseme palipo na upungufu wake. Mtu aliyetumia miaka 20 kutufundisha kwamba taifa lina matabaka, alipofika kijijini aliyaweka matabaka kando. Mkutano Mkuu wa Kijiji katika taarifa ya Tume unatokea kama jamii moja yenye nia moja, ikikabiliana na mrasimu kutoka nje. Nenda Tengeru siku ya soko uone kijiji ni nini sasa. Barabara ya Arusha na Moshi inapita hapo. Kihamba cha babu kimegawiwa wana, kisha wajukuu, na kipande kinachobaki kinapimwa kwa hatua za miguu na kuuzwa kiwanja. Anayenunua ana mshahara wa mjini au biashara. Anayeuza ana ada ya shule au mgonjwa hospitali. Wote wawili wana haki ya kuhudhuria Mkutano Mkuu, na mmoja ndiye aliyemkopesha mwenzake. Mkono wa mdaiwa hauinuki kwa urahisi mbele ya mdai wake. Mtaalamu wa mapambano ya kitabaka alijua hivyo kuliko sisi, na ukimya wa taarifa katika jambo hili hauelezeki kwa uhaba wa nadharia.

Upungufu wa pili unafanana na huo. Wanawake ndio wanaolima sehemu kubwa ya vihamba na kubeba ndizi hadi sokoni, lakini kwa mila za urithi za hapa ardhi imekuwa ikipita kwa wana wa kiume. Taarifa ililigusa suala hilo kwa mkono mwepesi, ikitegemea mila zibadilike zenyewe taratibu, na mashirika ya wanawake yalilalamika kwa haki. Ni wao, kwa kuungana na kuwabana wabunge katika miaka ya mwisho ya 1990, waliosababisha Sheria Na. 5 ibatilishe mila inayomnyima mwanamke haki ya kupata, kumiliki au kutumia ardhi. Katika jambo hili sheria ya serikali ilikuwa mbele ya Tume. Wanaomsifu Shivji bila kipimo huwa wanaruka ukurasa huu.

Lakini upungufu mkubwa zaidi ni juu ya nguvu. Tume iliuhamisha mzizi kwenye karatasi kutoka kwa Rais hadi kijijini na kuuzungushia Katiba kama ua. Haikusema nani atakaa langoni. Kirilo na wenzake walikuwa na jibu baya la Umoja wa Mataifa, na bado walisonga mbele, kwa sababu nyuma yao palikuwa na watu waliojipanga, waliochanga, waliokuwa tayari kulala nje kuliko kwenda King'ori. Tume ilikusanya maelfu ya watu katika mikutano 277, ikachukua maneno yao, ikawaacha walipokuwa. Mkutano wa 278, wa kuwaunganisha wale wa 277 ili wailinde taarifa yao, haukuitishwa na mtu. Kwa haki tuseme kwamba haikuwa kazi ya Tume kuuitisha. Ilikuwa kazi ya Chama, chenye mashina na matawi katika kila kijiji kilichotembelewa, na Chama hakikuifanya. Ndiyo maana mjadala wa sheria za ardhi ulibaki kati ya wizara, wafadhili, mashirika yasiyo ya kiserikali na wanasheria wa Dar es Salaam.

Shivji mwenyewe hakunyamaza. Mwaka 1994 alishiriki kuanzisha taasisi ya Hakiardhi, na mwaka 1998 akachapisha kitabu cha kuupinga mwelekeo wa muswada, akisema demokrasia ya ardhi bado haijafika. Alistaafu mwaka 2006, akarudi mwaka 2008 kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na mwaka 2020, pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, akatoa wasifu wa Mwalimu katika majuzuu matatu. Hakwenda kuandika historia ya ikulu kwa malipo ya ikulu. Hapo ametofautiana na Mjerumani wetu, na tofauti hiyo si ndogo.

Limebaki neno moja ndani ya sheria ambalo tunataka wanachama wa Meru, na popote penye vijiji, walijadili matawini wakiwa na vitabu vyote viwili mezani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, inasema ardhi ya jumla ni ardhi ya umma ambayo si ya hifadhi wala ya kijiji. Sheria ya Ardhi, Na. 4, iliyopitishwa na Bunge hilo hilo mwaka huo huo, inasema vivyo hivyo, halafu inaongeza kwamba ardhi ya jumla ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ardhi ya jumla husimamiwa na Kamishna wa Ardhi, na kutoka hapo ndipo mwekezaji hupewa hati. Malisho yanayopumzishwa wakati wa kiangazi hayakaliwi. Bonde linaloachwa kwa ajili ya wajukuu halitumiki. Ngare Nanyuki ya mwaka 1895 ilikuwa hivyo machoni mwa afisa wa Kijerumani. Maneno yaliyoongezwa ni machache; yanaweza kuondolewa kwa marekebisho ya kifungu kimoja cha tafsiri, bila tume mpya na bila kungojea Katiba mpya, na mbunge yeyote wa Chama anaweza kupeleka hoja hiyo.